Mgonjwa Asiyeonekana Kuumwa: Tiba ya Nafsi kwa Wanaodhoofika Baada ya Homa za Virusi

*Hotuba iliyotolewa na tabibu mstaafu, ambaye pia ni mkulima wa korosho na mwanachama, mbele ya wawakilishi wa vyama vya msingi katika semina ya Chama Kikuu*



Mmezoea kusikia katika semina hii habari za salfa, za magunia, za makato na za stakabadhi ghalani. Leo nimeombwa niseme juu ya afya, nami nimechagua jambo moja tu. Nimelichagua kwa sababu kesho asubuhi mtaletewa pendekezo la kanuni mpya ya utumishi, lisemalo kwamba mtumishi wa chama cha msingi akikosa kazini siku 60 katika msimu, nafasi yake ihesabiwe kuwa wazi. Kabla hamjanyanyua mikono, naomba mnisikilize.

Kisa cha karani wa mizani

Chama changu cha msingi kilikuwa na karani wa mizani, mtu wa miaka 38, hodari na mwaminifu. Katika misimu yote aliyosimama kwenye mizani, hapakuwa na mkulima aliyelalamika kuibiwa hata kilo moja. Mwezi wa Agosti 2021 aliugua UVIKO-19. Alikohoa, akapata homa, akalala ndani siku kumi na mbili, kisha akaamka. Sote tukashukuru tukasema amepona.

Msimu ulipofunguliwa mwezi wa Oktoba, alirudi mizani. Alifanya kazi siku nne kama zamani. Siku ya sita hakuweza kuinuka kitandani. Alikaa nyumbani wiki mbili, akarudi, akafanya kazi siku tatu kwa bidii ili kufidia, akaanguka tena. Alisema viungo vinauma, kichwa kina ukungu, na hesabu aliyokuwa akiifanya kwa kichwa sasa inamshinda hata kwa kalamu. Kamati ikaniagiza nimpime, kwa kuwa mimi ni tabibu. Nikamsikiliza mapafu, yalikuwa safi. Nikampima malaria, hana. Wingi wa damu wa kutosha, sukari ya kawaida. Hospitali nayo ikapima kifua kikuu na mengineyo, haikuona kitu. Mwezi wa Januari 2022 nikasimama mbele ya Kamati nikatamka maneno ambayo nayajutia hadi leo: "Huyu hana ugonjwa."

Ndugu zangu, sisi wa rika langu tulilelewa katika wimbo wa Uhuru na Kazi. Tulifundishwa kwamba asiyefanya kazi ni kupe. Mafunzo hayo yalikuwa mema, lakini yanaweza kumwangukia asiyestahili. Kamati ilipiga kura, karani akaondolewa. Mkono wangu ulikuwa miongoni mwa mikono iliyonyanyuliwa.

Miezi mitatu baadaye mkewe alikuja kwangu usiku. Akaniambia, "Mzee, mwenzangu hasemi tena na watoto. Jana nimemkuta amekaa na kopo la dawa ya mikorosho." Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimepima mwili wa mtu nikaiacha nafsi yake mlangoni. Na hata mwili wenyewe nilikuwa sikuupima vema.

Maradhi haya si mageni

Wapo wanaodhani kwamba kudhoofika baada ya homa ni jambo lililozuka na UVIKO-19. Sivyo, na sisi wa uwanda huu wa Makonde ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kudhani hivyo. Kati ya mwaka 1952 na 1953, zama za Tanganyika, homa moja iliwaangusha watu wengi katika nchi ya Newala. Ilikuja kwa ghafla na maumivu makali ya viungo, mtu akatembea amejikunja. Wazee wetu waliipa jina la Kimakonde lenye maana ya kile kinachompinda mtu. Daktari Marion Robinson aliandika habari zake mwaka 1955, na leo ulimwengu mzima, kutoka India hadi Amerika ya Kusini, unaita ugonjwa huo kwa jina walilolitoa wakulima wa hapa: chikungunya. Homa yake hwisha kwa siku chache. Lakini wako ambao viungo vyao huendelea kuuma kwa miezi, na baadhi yao kwa miaka.

Kwa upande wa UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi mwezi wa Oktoba 2021. Lilisema kwamba iko hali inayofuata ugonjwa huo, ambayo kwa kawaida huonekana miezi mitatu tangu mtu aanze kuugua, dalili zake hudumu si chini ya miezi miwili, na haziwezi kuelezwa kwa ugonjwa mwingine. Dalili kubwa zilizotajwa ni uchovu, kupungukiwa pumzi, na udhaifu wa fikra na kumbukumbu. Nilipoyasoma maelezo hayo niliona kwamba aliyeandikwa pale ni karani wetu, na yalikuwa yametolewa miezi mitatu kabla ya mimi kutamka kwamba hana ugonjwa.

Makosa ya wakubwa

Nisijilaumu peke yangu, maana wakubwa wangu katika taaluma nao walikosea. Mwaka 1955, katika hospitali ya Royal Free mjini London, watumishi 292 waliugua ugonjwa wa ajabu hata hospitali ikafungwa kwa muda. Baadhi yao walibaki dhaifu kwa muda mrefu. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili walisoma majalada ya tukio hilo bila ya kuwahoji wagonjwa, wakaandika kwamba ilikuwa ni taharuki ya kundi tu, wakitaja miongoni mwa sababu zao kwamba wengi wa wagonjwa walikuwa wanawake. Tangu hapo, kwa miaka mingi, mtu aliyechoka baada ya homa aliambiwa kwamba ugonjwa wake umo kichwani.

Kisha likaja kosa la pili. Mwaka 2011 huko huko Uingereza yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 641 wenye uchovu wa kudumu. Watafiti walisema kwamba tiba ya mazungumzo, pamoja na mazoezi ya kuongezwa kidogo kidogo, huwasaidia wagonjwa, na wengine hupona. Wagonjwa wenyewe na wataalamu wengine walipinga, hasa juu ya namna kupona kulivyopimwa. Mabishano yaliendelea miaka kumi. Mwezi wa Oktoba 2021 chombo cha Uingereza kinachotoa miongozo ya tiba kiliyaondoa mazoezi hayo ya kuongezwa kwa ratiba, kikasema pia kwamba tiba ya mazungumzo siyo dawa ya kuuponya ugonjwa huo, bali inaweza kumsaidia mgonjwa aishi nao kwa nafuu zaidi.

Kwa nini nawaeleza haya? Kwa sababu nikisimama hapa na kuwaambia kwamba mgonjwa wa namna hii anahitaji tiba ya nafsi, mtu ataondoka akisema: "Kumbe tabibu naye amekubali, ugonjwa ni wa mawazo tu." Sikusema hivyo. Mtu aliyekatwa mguu na trekta anahitaji faraja na ushauri, wala hapana anayesema kwamba mguu wake umekatwa na mawazo.

Tiba ya nafsi ni nini?

Tiba ya nafsi si mahubiri, si karipio, wala si kumwambia mgonjwa "jikaze". Mgonjwa huketi na mtu aliyefundishwa, mara nyingi mara moja kwa wiki, kwa muda usiozidi saa moja, kwa wiki kadhaa. Baada ya mke wa karani kuja kwangu, nilimpeleka mumewe usiku ule ule hospitalini, maana mwenye fikra za kujiua hangojewi kukuche. Alikaa chini ya uangalizi, kisha akawa anaonana na muuguzi wa afya ya akili. Mimi niliomba ruhusa, na karani akakubali, niwe nakaa nao ili nijifunze. Niliyoyaona nitayaeleza kwa mafungu manne.

Kwanza, muuguzi alimwamini. Alimwambia, "Ndugu, unayoyasema ni kweli, na wako wengine wengi kama wewe." Yule mtu mzima alilia. Alikuwa amepita miezi minane bila ya kusikia neno hilo.

Pili, alimpa daftari. Kwa wiki mbili aliandika alichofanya asubuhi, mchana na jioni, na jinsi alivyojisikia. Daftari likafunua siri. Kila alipofanya kazi kupita kiasi, hakuanguka siku ile ile. Alianguka kesho yake au kesho kutwa. Ndiyo maana hakuna aliyeunganisha kazi na kuanguka, hata yeye mwenyewe. Hii ni alama ambayo kila kiongozi wa chama aijue. Mwenye huzuni tupu, mara nyingi akitoka akatembea na kushika jembe kidogo, moyo huchangamka. Lakini mwenye udhaifu huu akijilazimisha, huporomoka, na huchukua siku au wiki kurudi alipokuwa. Anayemsukuma kwa nia njema anamwumiza.

Tatu, alimfundisha kutunza akiba. Hapa naomba niseme kwa lugha yetu ya ushirika. Mwili wa mgonjwa huyu ni kama chama chenye mtaji mdogo. Zamani alikuwa na gunia kumi kwa siku. Sasa anazo tatu. Siku njema hujiona ana kumi tena, akazitumia zote. Gunia saba zile si zake, amezikopa, na riba yake ni kitanda. Basi muuguzi na mgonjwa walipanga matumizi ya gunia mbili na nusu, na nusu iwe akiba. Alijifunza kupumzika kabla ya kuchoka, kugawa kazi vipande vipande, na kuifanya ameketi ile iliyofanywa kwa kusimama. Hakuongezewa kazi kwa kufuata kalenda. Aliongeza kidogo pale tu daftari lilipoonyesha kwamba kiasi cha kwanza kinamtosha wiki nyingi bila ya kuanguka.

Nne, walizungumza juu ya fikra na majonzi. Karani alikuwa na sauti moja kichwani: "Mwanamume asiyeinuka asubuhi si mtu." Sauti hiyo ndiyo iliyomtoa kitandani kabla ya wakati, na ndiyo iliyompeleka kwenye kopo la dawa. Muuguzi hakumwambia kwamba sauti hiyo ni ya uongo. Alimwuliza, "Ingekuwa ni ndugu yako amelala hapo, ungemwambia hivyo?" Akanyamaza kitambo, akajibu, "Nisingethubutu." Mazungumzo ya namna hiyo, pamoja na mpango wa kulala na kuamka kwa saa zilezile, na kikao kimoja na mke na kaka yake, ndiyo yaliyokuwa dawa.

Je, yasaidia?

Mtaniuliza kama kuna ushahidi. Upo, na nitausema kwa kipimo chake. Mwaka 2023 huko Uholanzi yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 114 waliobaki na uchovu mkali baada ya UVIKO-19. Nusu walipata tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na mwenendo, nusu walipata huduma ya kawaida. Waliopata tiba walieleza kwamba uchovu wao ulipungua zaidi kuliko wenzao. Lakini kipimo kikubwa kilikuwa ni maelezo ya wagonjwa wenyewe, na si kila mmoja alipata nafuu. Kwa hiyo tusiseme ni dawa ya kuponya. Tuseme ni mkongojo mzuri, na mwenye kuhitaji mkongojo asinyimwe kwa sababu hauoteshi mguu.

Mtaniuliza pia wataalamu wako wapi. Ni kweli, ni wachache, na njia ni ndefu. Hata hivyo jirani zetu wametuonyesha jambo. Mwaka 2006 mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi, wahudumu wa afya wa mitaani, kuketi na wenye dhiki kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya jaribio la watu 573, na walioketi na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko wengine. Mpango huo umefika hata Malawi na Zanzibar. Jaribio lile halikuwa la wagonjwa wa baada ya virusi, bali la watu wenye huzuni na wasiwasi. Lakini limethibitisha kwamba kusikiliza kwa utaratibu ni ufundi unaofundishika, na kwamba mwalimu wake si lazima awe na majengo.

Niyaombayo kwa vyama vya msingi

Ndugu wajumbe, naleta maombi manne.

La kwanza: mwanachama au mtumishi aliyedhoofika baada ya homa apimwe kikamilifu kwanza. Kifua kikuu, upungufu wa damu, sukari, VVU na maradhi ya moyo huchosha pia, na yana matibabu. Tusimpeleke kwenye mazungumzo mtu anayehitaji vidonge.

La pili: vipimo vikiwa safi, Kamati isitamke neno "mvivu". Imwombe tabibu maelezo ya maandishi ya kazi anazoziweza na kiasi chake. Katika ghala na mizani zipo kazi za kuketi, zipo kazi za nusu siku, na zipo kazi za kugawana watu wawili.

La tatu: kila chama cha msingi kiteue wanachama wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, watakaopelekwa kwa afisa ustawi wa jamii na wauguzi wa afya ya akili wakafundishwe kusikiliza, kutunza siri, na kutambua mtu wa kupelekwa hospitalini bila ya kuchelewa. Gharama itoke katika fungu la elimu. Ushirika una msingi wa elimu na una msingi wa kuijali jamii. Hapa misingi hiyo miwili inakutana.

La nne: pendekezo la kesho lirekebishwe. Siku 60 zisihesabiwe dhidi ya mtu mwenye cheti cha tabibu, na kabla ya kumwondoa yeyote asikilizwe yeye mwenyewe, au atume mtu wake ikiwa hawezi kuja. Najua hoja ya upande wa pili, nami naiheshimu. Mizani haiwezi kusimama bila mtu, na mkulima aliyebeba gunia kichwani kutoka mbali hana haja ya kusikia habari za uchovu wa karani. Kwa hiyo sisemi nafasi iachwe tupu. Nasema awekwe mtu wa kushika kwa muda, na mwenye nafasi asipoteze jina lake.

Mwisho wa kisa

Mnataka kujua yaliyompata karani. Hakupona kama mnavyofikiri kupona. Mwezi wa Septemba 2022 nilisimama tena mbele ya Kamati ileile, nikasema kwamba nilikosea, nikaomba arudishwe. Walinicheka kidogo, kisha wakakubali kwa tofauti ya kura moja. Sasa hufanya kazi siku tatu kwa wiki, nusu siku, ameketi mezani akiandika stakabadhi. Mizani yenyewe imeshikwa na kijana aliyefundishwa naye. Ziko wiki ambazo hafiki kabisa. Lakini watoto wake wanasikia sauti yake nyumbani, na kopo la dawa limerudi stoo ya chama, chini ya kufuli.

Msimu uliopita nilimkuta amefunga daftari la stakabadhi saa nane mchana, wakati foleni bado ipo. Nikamwuliza, "Mwanangu, umechoka?" Akanijibu, "Hapana Mzee, sijachoka bado. Ndiyo maana nafunga." Akampisha mwenzake akaenda kulala chini ya mwembe.

Ndugu zangu, sisi tulijiunga katika ushirika kwa kuwa tulijua kwamba mtu mmoja na gunia lake ni mnyonge mbele ya mnunuzi. Mgonjwa asiyeonekana kuumwa ni mnyonge zaidi, maana hana hata gunia la kuonyesha. Kesho mtakaponyanyua mikono, kumbukeni kwamba mkono wangu niliunyanyua mapema mno, na kuushusha kulinichukua miezi minane.